Sifa za Mchimba Shimo

Katika kazi ya kuzungushia nyumba uzio wa nguzo za chuma, anayelipwa kidogo kuliko wote ni mchimba mashimo. Huchukuliwa asubuhi kijiweni, hukabidhiwa sururu na mtaimbo, huonyeshwa alama zilizopigwa kwa chokaa, na jioni huondoka na ujira wa kibarua. Fundi mwenyewe huja kesho yake na mashine ya kuchomelea. Watoto wa mtaa humzunguka kutazama cheche, mwenye nyumba humtolea kiti na soda, na uzio ukishasimama jina lake ndilo linalotajwa kwa majirani. Mchimba mashimo hana anayemkumbuka. Naandika insha hii kwa kuwa naamini heshima hiyo tumeipanga kichwa chini miguu juu. Uzio wa chuma huishi au hufa kwa kilicho chini ya udongo, na huko chini hakuna aliyefika isipokuwa yule aliyelala kifudifudi mchana kutwa akichota udongo kwa kopo.

Pita mtaa wowote mpya pembezoni mwa Dar es Salaam, Goba, Kigamboni au Chanika, uzitazame nyua za nyavu. Mara nyingi mabomba ni yale yale ya inchi mbili, yametoka duka moja na hata gari moja. Lakini uzio huu umenyooka baada ya masika kadhaa, na ule wa jirani umelegea tumbo, nguzo za pembe zimeinamia ndani ya kiwanja, wavu unaburuta chini na kuku wanapita watakavyo. Rangi haikuleta tofauti hiyo, wala ustadi wa kuchomelea. Ukitaka kuiona tofauti itakubidi uchimbe.

Wazee wetu walikuwa na nyua zao. Pwani walisuka makuti, bara walipanda minyaa na michongoma, na wafugaji walikata miiba wakajenga boma. Mnyaa hauhitaji shimo la maana: kijiti huchomekwa tu ardhini, mvua ikinyesha chenyewe kinatoa mizizi na kujishikilia. Nguzo za miti zilichimbiwa, ila mchwa naye alikuwa na zamu yake. Baada ya miaka michache nguzo ililiwa, ikang'olewa, ikawekwa nyingine, na kosa la shimo la kwanza likapata nafasi ya kurekebishwa. Chuma kimetunyima nafasi hiyo. Bomba lililopakwa zinki, likitunzwa, hukaa miongo ya miaka, na shimo bovu lililolipokea hukaa nalo muda huo huo.

Kazi yenyewe huanza na mpaka. Fundi mwema hafungi kamba kabla ya bikoni zote kuonekana, hata ikibidi kufyeka majani na kufukua, na jirani ameitwa akasimama pale akaona kwa macho yake. Kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa kisheria, na kutoelewana kwa hatua moja ya ardhi kumewahi kufikisha ndugu mahakamani. Mpaka ukishajulikana, husimamishwa nguzo za pembe na za mwisho peke yake. Pembe ya mraba hupatikana kwa kamba tu: pima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na mshazari kati ya ncha hizo ukitoka mita 5 kamili, pembe imekaa sawa. Ndipo uzi huvutwa kutoka nguzo ya mwisho hadi ya mwisho, na alama za mashimo ya katikati hupigwa chini yake, kila mita tatu au pungufu ya hapo.

Sasa njoo kwenye shimo.

Kanuni ya mafundi ni kwamba kina cha shimo kiwe angalau theluthi ya urefu utakaobaki juu. Uzio wa mita 1.8 unataka shimo la sentimita 60, yaani nguzo nzima iwe na mita 2.4. Hapo ndipo matatizo mengi huzaliwa, tena huzaliwa dukani, kabla hata ya jembe kugusa ardhi. Bomba huuzwa likiwa na mita 6. Likikatwa vipande vya mita 2.4 hutoa nguzo mbili na kipande cha mita 1.2. Likikatwa vipande vya mita 2 hutoa nguzo tatu na hakuna kinachobaki. Mwenye nyumba akipiga hesabu anaona nguzo tatu kwa bei ya mbili. Kwa uzio wa mita 1.5 hesabu hiyo ni halali, kwa kuwa sentimita 50 zitaingia ardhini. Lakini wavu wake ukiwa wa mita 1.8, kilichobaki kwa ajili ya shimo ni sentimita 20, na hakuna zege duniani litakaloisimamisha nguzo hiyo siku wavu utakapovutwa. Kipande cha mita 1.2 kilichomuuma mwenye nyumba wala si hasara. Hicho ndicho huchangia vyuma vya kuegemeza, ambavyo nitavifikia.

Kwa nini kina kina nguvu hivyo? Nguzo inaposukumwa kileleni, na upepo, au na mtoto anayepanda kufuata mpira, haiinami kama mti unaokatika. Huzunguka. Mahali fulani ndani ya shimo pana nukta isiyosogea. Juu ya nukta hiyo nguzo husukuma udongo upande mmoja, na chini yake husukuma udongo upande wa pili. Kadiri shimo linavyoshuka ndivyo pande hizo mbili zinavyopata nafasi ya kupingana, tena udongo wa chini umeshindiliwa na uzito wa udongo ulio juu yake, kwa hiyo ni mgumu zaidi kusogezwa. Mwaka 1964 mhandisi wa Sweden, Bengt Broms, alichapisha hesabu za nguzo iliyofukiwa na kusukumwa ubavuni. Kwa udongo wa kichanga hesabu yake hutoa jibu ambalo ningependa kila mwenye kiwanja alijue. Ukipanua zege la nguzo kwa robo, uwezo wake wa kustahimili msukumo huongezeka kwa robo hiyo hiyo. Ukiongeza kina kwa robo, kutoka sentimita 60 hadi 75, uwezo wa nguzo ya mita 1.8 iliyosukumwa kileleni hupanda kwa zaidi ya robo tatu. Sentimita 15 za mwisho, zile ambazo kibarua huzichimba akiwa amechoka, jasho limemwingia machoni na msimamizi ameshasema inatosha, ndizo zenye thamani kubwa kuliko sentimita 15 zozote zilizotangulia.

Na hizo za mwisho ndizo ngumu. Shimo jembamba halipokei chepe likishafika kwenye goti. Mchimbaji husimama na mtaimbo, hupiga chini hadi udongo ukatike, kisha hulala kifudifudi, huingiza mkono hadi begani na kuchota kwa kopo la rangi au la maziwa. Hupiga tena, huchota tena. Mwili wake unavutwa kufanya shimo la umbo la faneli, pana juu na jembamba chini, kwa sababu juu mkono uko huru. Anayejua kazi hukataa. Hulinyoosha shimo ukutani, halafu chini kabisa hulikwangua kidogo pembeni ili kitako kiwe kipana kuliko mdomo. Zege likikaa humo limenaswa, halivutiki juu. Shimo la faneli hufanya kinyume chake: udongo ukivimba hulishika zege kwenye mteremko wake na kulinyanyua taratibu, masika baada ya masika.

Hili la kuvimba si jambo la kupitia juu juu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule ulioenea Kitengela na Athi River upande wa Kenya na kwenye mabonde mengi ya Tanzania, ardhi hupumua. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono huingia, na masika hunywa maji ikavimba na kubana. Nguzo iliyochimbiwa kifupi huko huishi ndani ya tabaka linalosogea, na husogea nalo. Dawa ni kushuka chini ya nyufa, na mchimbaji wa maeneo hayo huzijua nyufa zinaishia wapi kwa rangi na unyevu wa udongo anaotoa. Kigamboni hadithi ni tofauti: mchanga haukai, ukuta wa shimo huporomoka kabla kopo halijatoka. Huko humwagia maji kidogo ili mchanga ushikane, au huingiza bati lililokunjwa duara na kuchimba ndani yake. Na kwenye matumbawe ya pwani unaweza kusikia mtaimbo ukilia kama kengele mchana mzima kwa shimo moja. Mchimbaji wa hapo hulipwa kwa shimo sawa na yule wa mchangani, na sijapata kusikia sababu ya maana.

Shimo likiwa tayari, sakafu yake hushindiliwa kwa kitako cha mtaimbo hadi vumbi legevu liishe, kisha hutandazwa kokoto kiasi cha kiganja kwa unene ili maji yapate pa kukimbilia. Nguzo huteremshwa. Wapo wanaomwaga zege la uwiano wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, nami naliona ni zuri kwa nguzo. Kwa shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha 60, mfuko wa kilo 50 hutosha matatu au manne. Zege hilo liwe karibu na ugali kuliko uji. Maji mengi humfurahisha mchanganyaji kwa kuwa koleo hupita bila shida, lakini kila tone lisilohitajiwa na saruji litatoka baadaye na kuacha tundu mahali pake. Linamwagwa kidogo kidogo huku mtu akichomachoma kwa kipande cha nondo ili hewa itoke.

Niliwahi kumtazama fundi mmoja mzee Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, akisimamisha nguzo za uzio wa shamba dogo la nyumbani. Alikuwa na pima maji nzuri, lakini hakuiamini peke yake. Aliiweka upande mmoja wa bomba, akaihamishia upande wa pili ulio mraba na ule wa kwanza, kwa sababu nguzo inaweza kusimama wima ukiitazama kutoka barabarani na ikawa imelala ukiitazama kutoka nyumbani. Kisha akatoa timazi mfukoni na kuuning'iniza uzi wake mbele ya jicho. Aliegemeza nguzo kwa mbao mbili, akaenda kwenye inayofuata, na baada ya muda akarudi kuipima tena ya kwanza. "Zege bichi lina mambo yake," alimwambia kijana wake. "Ukiligeuzia mgongo, linasogea." Kijana akajibu, "Sawa, mzee," akaenda kupima na yeye.

Jambo lililonivutia kwake zaidi lilikuwa uzi. Hakuna nguzo aliyoiruhusu kuugusa. Aliacha mwanya wa unene wa ukucha kati ya bomba na uzi, kwenye kila nguzo, bila kuchoka. Nguzo moja ikiugusa uzi huusukuma, na zote zitakazofuata hupangwa kwa uzi uliopinda, kila moja ikiwa sahihi kwa mwenzake na msururu mzima ukiwa si sahihi. Alipofika mwisho alipiga goti nyuma ya nguzo ya kwanza, akafumba jicho moja. Alisimama bila kusema kitu akanipisha nitazame. Nguzo zote zilikuwa zimejificha nyuma ya moja. Ufundi wa namna hii hauna picha ya kuonyesha, maana ukifaulu unaona bomba moja tu.

Nguzo za katikati, nikisema kweli, kazi yao ni nyepesi. Hubeba uzito wa wavu na kuuzuia usiyumbe. Mzigo halisi uko kwenye nguzo za pembe, za mwisho na za lango, kwa kuwa hizo ndizo zinazovutwa usiku na mchana na wavu uliokazwa. Nguzo ya pembe huvutwa na pande mbili kwa pamoja, na jumla ya mivuto hiyo huielekeza ndani ya kiwanja, kwenye mshazari. Ndiyo maana nyua zilizoshindwa huinamia ndani. Shimo la nguzo hiyo linapaswa kufika sentimita 90, na bomba lake liwe nene kuliko mengine. Juu ya hayo kila upande wa mvuto huwekewa chuma cha kuegemeza, kinachoshuka kwa mshazari kando ya mstari wa wavu hadi ardhini, na mguu wake nao hufungwa kwa zege.

Hapa pana ujanja ambao hata wachomeleaji wazuri huukosa. Chuma cha kuegemeza kikiwa kifupi, kimesimama karibu wima, huonekana imara. Lakini wavu ukivuta, chuma hicho huisukuma nguzo kwenda juu kuliko kinavyoizuia kwenda mbele, na nguzo huanza kung'oka. Kinatakiwa kiwe kirefu na kilichoinama sana, kianzie robo tatu ya urefu wa nguzo na kifike mbali ardhini, ili nguvu iingie kwenye udongo kwa ulalo. Tena hapa mchimbaji ndiye mwamuzi. Shimo la mguu wa kuegemeza lazima liwe na ukuta mgumu, usiofukuliwa, upande ule ambao chuma kinasukumia. Akiupanua upande huo kwa uzembe na kuujaza udongo legevu, mguu utateleza, na kuchomelea kote kwa juu kutakuwa kumepotea.

Adui wa pili, baada ya mvuto, ni kutu. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kulinda chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyuka, na kazi hiyo viwandani bado hufanywa kwenye beseni lenye joto la nyuzi 450 hivi. Zinki hulinda kwa namna inayonigusa kila nikiifikiria: hata ikikwaruzwa chuma kikabaki wazi, yenyewe ndiyo huanza kuliwa, na chuma kilicho jirani yake husalimika hadi zinki iishe. Lakini mahali ambapo nguzo huingia ardhini kuna unyevu wa udongo na hewa ya juu kwa pamoja, na kutu hupenda mkutano huo. Nguzo nyingi zilizokatika zimekatika hapo hapo, kwenye kifundo, huku juu na chini zikiwa bado nzima. Kwa hiyo zege halikomeshwi chini ya uso wa ardhi likaacha kidimbwi kuzunguka bomba. Hupandishwa vidole viwili au vitatu juu ya udongo na kulainishwa kwa mwiko liwe na mteremko, maji yakimbie. Kabla ya hapo sehemu ya kifundo hupakwa lami, kiasi cha shubiri juu na shubiri chini. Kilele cha bomba nacho hufunikwa, kwa sababu bomba lililo wazi hujaa mvua na kuoza kutokea ndani, mbali na kwamba nyigu hulipenda mno.

Pwani kuna kishawishi kimoja kinachoniumiza moyo, cha kuchota mchanga wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure. Saruji kwa kawaida hukijengea chuma ngozi inayokikinga, na chumvi huipasua ngozi hiyo. Kutu inapoanza hapo ndani huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, zege linapasuka, na mwenye nyumba hulaumu saruji.

Nimewasema wachomeleaji, lakini nao wana hatari yao, na wengi huipata bila kuonywa. Kuchomelea bomba lenye zinki hutoa moshi mweupe ambao ukivutwa huleta homa saa chache baadaye, baridi na maumivu ya viungo kama ya malaria, na huisha baada ya siku moja au mbili. Vijana huambiwa wanywe maziwa. Kinachowafaa ni kusaga zinki kwanza kwenye sehemu ya kuchomelea, kukaa upande upepo unakotoka, na kazi ikiisha kupaka rangi yenye zinki palipoungua.

Baada ya zege kumwagwa kunabaki kazi ngumu kuliko zote kwa mwenye nyumba, nayo ni kungoja. Zege hupewa siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa, na kwa siku saba za kwanza, likimwagiliwa maji na kufunikwa kwa magunia, huwa limepata kama theluthi mbili. Siku hizo saba ndizo simu hupigwa. "Fundi, kesho si tunafunga wavu?" "Mama, nipe hadi Jumatatu ijayo." "Lakini mbona limeshakauka?" Juu limekauka kweli. Anayekubali kuvuta wavu siku ya pili huyavuta mabomba ndani ya zege ambalo bado halijashikana nayo, na mwanya ule mwembamba unaofunguka siku hiyo ndio maji yatakaoutumia.

Kwa hiyo mimi, kwa upande wangu, napendekeza mapatano ya kazi hii yaandikwe upya. Mchimba mashimo alipwe kwa kina, si kwa idadi, kwa sababu kulipwa kwa idadi ni kumwomba achimbe mafupi. Iwepo fimbo yenye alama za sentimita 60, 75 na 90, na mwenye nyumba aitumbukize mwenyewe kwenye kila shimo kabla ya zege, mchimbaji akiwa amesimama pale. Zege lisimwagwe kwenye shimo ambalo mchimbaji hajasema liko tayari. Kwenye matumbawe na udongo mweusi bei ipande, na shimo la nguzo ya pembe lihesabiwe kuwa mawili. Na soda ikiletwa, ziletwe mbili.